Kabla ya masika: ukungu wa kuta na hewa ya nyumba zetu za pwani

Mwezi Mei mwaka juzi nilisogeza kabati la nguo la watoto nikitafuta kiatu kilichodondokea nyuma. Mgongo wa kabati ulikuwa mweusi kuanzia chini hadi usawa wa goti, madoa ya duara yamegusana, na ukutani palikuwa na umbo lile lile kama mhuri. Mwanangu wa pili ana pumu, na mto wake ulikuwa hatua moja tu kutoka pale. Wiki tatu nzima nilikuwa nalaumu vumbi la barabarani kwa pumu yake. Tangu siku hiyo, Februari ikiingia naipitia nyumba yote, nje na ndani, kabla wingu la kwanza halijakaa.

Kwa nini Februari? Kwa sababu huku kwetu, Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, masika ni Machi hadi Mei, na Februari kaskazi bado inavuma na jua ni kali. Ukuta uliolowa unapata nafasi ya kukauka. Ukipiga plasta au rangi Aprili, unayafungia maji ndani. Halafu ukungu wenyewe hausubiri. Kitu kilicholowa kisipokauka ndani ya saa 24 hadi 48, unaanza kuota. Mbegu zake hazionekani kwa macho, na zimo katika hewa ya kila nyumba, hata ile inayodekiwa mara mbili kwa siku. Huwezi kuzimaliza. Unachoweza kuzinyima ni maji, na matayarisho yote yanarudi hapo.

Jambo la kwanza ni kujua unachokiona. Mafundi wengi huita kila kinachoharibu ukuta "fangasi", na watu wamepoteza fedha nyingi kwa neno hilo. Ule unga mweupe unaochanua na kuibua rangi karibu na sakafu mara nyingi ni chumvi, imetoka kwenye mchanga wa pwani uliojengewa au imepandishwa na maji ya ardhini. Ukwangue kidogo, utie kwenye maji. Ukiyeyuka ni chumvi, na dawa ya fangasi haitaufanya lolote. Ukungu wenyewe huwa mweusi, kijani au kijivu, unapakaa ukiufuta, na una ule uvundo wa nguo zilizokaa kwenye beseni.

Jambo la pili ni kujua maji yanatoka wapi, na hapa kuna kipimo ambacho hakigharimu kitu. Kata kipande cha karatasi ya foili ya jikoni, ukubwa wa daftari, kikaushe, kibandike ukutani penye doa kwa selotepu pande zote nne pasipitishe hewa. Kiache siku mbili. Ukikibandua ukakuta unyevu upande wa ukutani, maji yanapita ndani ya ukuta: bomba, paa au ardhi. Ukikuta matone upande wa chumbani, ni hewa ya chumba iliyojaa mvuke. Tiba ya hali moja haitibu nyingine, ndiyo maana nasisitiza kipimo hiki kabla hujaenda duka la rangi.

Kwangu foili ilitoka na majimaji upande wa ukutani. Nilikuwa nimeshamwita fundi, mtu mzima, aje apake upya. Akautazama ukuta, akagonga gonga, akaniambia: "Dada, rangi haina kosa. Ukuta wako unakunywa maji kutoka nje. Nikipaka leo, mwakani utaniita tena." Tukazunguka nyuma ya nyumba. Palikuwa na tuta la maua limeegemea ukuta, udongo umepanda juu ya usawa wa jamvi, yaani zege la sakafu, na kila jioni nilikuwa namwagilia. Tulilifukua lote siku ile ile. Udongo wa nje unatakiwa uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 hivi, na ardhi iteremke kutoka nyumbani, isielekee nyumbani. Kwa anayejenga sasa: usikubali jamvi limwagwe bila nailoni nzito chini yake, wala ukuta uinuliwe bila kizuizi cha unyevu juu ya msingi. Ukishapiga plasta, kurekebisha hilo ni kubomoa.

Paa na mifereji nayapitia haraka. Misumari iliyolegea kwenye bati, pale mapaa mawili yanapokutana, majani yaliyoziba mfereji. Mwaga ndoo moja ya maji mferejini uone yanatokea wapi. Yakishuka ukutani, umeshapata kazi ya wiki hiyo.

Sasa hewa, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naona tumepoteza kitu ambacho wazee wetu walikuwa nacho. Nyumba ya zamani ya Kiswahili ilikuwa na ukumbi ulionyooka kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba huku na huku, na kati ya kichwa cha ukuta na makuti palibaki uwazi. Hewa ya moto ilipanda ikatoka, ya baridi ikaingia kwa chini. Nyumba zetu za leo zina dari ya jipsamu iliyozibwa pembe zote na madirisha ya aluminiamu ya kuteleza. Lile dirisha, hata ukilifungua lote, linafunguka nusu tu, maana kioo kimoja kinajificha nyuma ya kingine. Ongeza wavu wa mbu wenye vumbi la mwaka mzima na unaobaki ni upenyo mdogo sana. Kwa hiyo: toa nyavu zote, ziinue kwenye jua uone matundu yaliyoziba, zisugue kwa brashi laini na maji ya sabuni. Chumba cha watoto kilipata upepo siku ile ile, bila kununua chochote.

Tazama pia matundu ya hewa ya juu ya madirisha. Wengi wetu tumeyaziba kwa magazeti au saruji kwa kuogopa mbu. Malaria si jambo la kupuuza, lakini tundu lizibwe kwa wavu, lisizibwe kabisa. Halafu kumbuka hewa inahitaji mahali pa kuingilia na pa kutokea. Dirisha moja na mlango uliofungwa ni sawa na chupa yenye kizibo. Masika yakiingia upepo hugeuka kuwa kusi. Fungua dirisha la upande wa kusini mashariki pamoja na la upande wa pili, na milango ya ndani iwe wazi. Muda mzuri ni saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri mvua ikikatika. Feni ya dari inasaidia kukausha kuta, ila haibadilishi hewa ya chumba. Bafuni kusiko na dirisha, weka feni inayotoa hewa nje, na itoe nje kweli, isimwage mvuke juu ya dari.

Wataalamu hupendekeza unyevu wa hewa ya ndani usizidi asilimia 60. Pwani yetu wakati wa masika hewa ya nje yenyewe mara nyingi hupita 80, kwa hiyo kipimo hicho hatukifikii bila kiyoyozi. Tunachoweza ni kufanya hewa itembee na kupunguza mvuke tunaoutengeneza wenyewe. Beseni moja la nguo zilizoanikwa ndani laweza kutoa lita mbili za maji hewani. Anika barazani, hata zikichukua siku mbili. Na tafadhali sana, usikaushe nguo wala kuta kwa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi ya monoksaidi ya kaboni haina harufu, na inaua watu usingizini.

Wenye kiyoyozi, osheni chujio na hakikisheni bomba la maji yake linamwaga nje, mbali na ukuta. Msikiweke nyuzi 18. Ukuta uliopoa sana hutoka jasho hewa ya joto ikiugusa, kama glasi ya maji ya barafu. Nyuzi 25 au 26 zinatosha kulala. Na wanaoishi kwenye nyumba za mawe, kama za Mji Mkongwe: kuta zile zilipigwa chokaa ili zipumue. Plasta ya saruji juu yake hufungia maji na kuuozesha ukuta taratibu. Rekebisheni kwa chokaa.

Ndani ya vyumba, kabati na vitanda visigusane na ukuta. Acha nafasi ya kupitisha mkono. Nguo, kanzu na viatu vya ngozi viingie kabatini vikiwa vikavu kabisa. Udi na karafuu vinaficha uvundo tu, na uvundo ule ndio unaokuonya, usiunyamazishe.

Ukungu uliopo usafishe sasa. Doa lisilozidi mita moja ya mraba unaweza mwenyewe: watoto watoke, dirisha wazi, mlango wa ndani umefungwa, vaa glavu, miwani na barakoa ya N95, ile inayochuja chembe ndogo za hewani. Usipanguse ukiwa mkavu, utazirusha mbegu chumba kizima. Lowesha, sugua kwa maji ya sabuni, kausha. Dawa ya klorini inafaa vigae. Kwenye mbao na plasta haizami. Kamwe usiichanganye na siki, amonia wala dawa ya choo yenye asidi, hutoa gesi ya sumu. Jipsamu iliyoota ukungu ikatwe itupwe. Godoro la sponji pia, hata kama linauma mfukoni.

Mpangaji, piga picha zenye tarehe sasa na umwandikie mwenye nyumba kwa ujumbe, usiishie kwa maneno ya mdomo. Huko Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020. Mwaka 2022 uchunguzi wa kifo ulithibitisha kwamba ni ukungu wa nyumbani kwao. Baba yake alikuwa ameulalamikia miaka mitatu kabla ya kifo hicho, akaambiwa apake rangi juu yake.

Mwisho, kama nyumbani kuna mwenye pumu, itoe pampu yake leo. Soma tarehe ya kuisha muda, angalia dawa iliyobaki, na nunua ya akiba kabla barabara hazijajaa maji.