Unahamia England na watoto? Anza na shule, mji utafuata

Ukiuliza Watanzania watano walioko Uingereza mji gani mzuri kuhamia na familia utapewa miji mitano, manake kila mtu anasifia anapokaa. Wa Milton Keynes atakwambia kumetulia, wa Reading atakwambia London ni treni moja tu, wa Leicester atakwambia njoo huku, mihogo na ndizi za kupika utakula mpaka uchoke. Hakuna anayekudanganya hapo, ila jibu lao halikusaidii sana kwenye suala la shule, sababu ndani ya mji mmoja, tena mitaa miwili inayopakana, mtoto wa huku anapata shule ambayo watu wanaigombania na wa kule anapewa nafasi shule ya mbali ambayo mzazi hata hakuiandika kwenye fomu. Kwahiyo mimi nasema geuza mpangilio: tafuta shule mbili tatu kwanza, halafu nyumba iliyo karibu nazo, jina la mji lije mwishoni. (Naongelea England hapa. Scotland na Wales wana taratibu zao, Scotland kwa mfano anwani yako ndo inakupangia shule yenyewe ya eneo.)

Kwanza niondoe hofu moja. Shule za serikali ni bure na mtoto wako ana haki ya kusoma hata kama viza yenu imeandikwa kwamba hamruhusiwi kupata fedha za umma. Shule haihesabiki kwenye hizo. Kinachohesabika ni vitu kama zile pesa za mtoto za kila mwezi, hizo usiombe kabisa maana unaweza kujiharibia viza. Chakula cha mchana ni bure kwa watoto wote wa madarasa matatu ya mwanzo, yaani Risepsheni, Mwaka wa 1 na wa 2, na London wameongeza mpaka mwisho wa shule ya msingi tangu Septemba 2023. Kwa wadogo, masaa 15 kwa wiki ya chekechea kwa mtoto wa miaka 3 na 4 ni ya kila mtoto, viza haiangaliwi, ila yale 30 ya wazazi wanaofanya kazi kama nyote wawili viza zenu zina hilo katazo hamyapati. Hii piga hesabu kabla hujasema mshahara unatosha, chekechea ya kulipia hapa inauma kuliko kodi ya nyumba kwa baadhi ya familia.

Sasa tuje kwenye umbali, hapa ndo watu wengi wanapigwa. Shule ikijaa kuna foleni ya vipaumbele. Kwa kawaida wanaanza watoto wenye mahitaji maalum ambao hati yao imeitaja shule hiyo na watoto walio chini ya uangalizi wa serikali, wanafuata wenye kaka au dada pale pale, halafu waliobaki wanapangwa kwa umbali kutoka nyumbani mpaka shuleni, na kaunsili nyingi (yaani halmashauri za eneo) zinapima mstari ulionyooka kwenye ramani, sio njia unayotembea. Kila mwaka kaunsili inatoa kijitabu cha maombi mtandaoni, na ndani yake kuna jedwali ambalo naliona ni la thamani kuliko maoni yote ya watu: linaonyesha kila shule ina nafasi ngapi, waliomba wangapi, na mtoto wa mwisho kupata nafasi alikuwa anaishi umbali gani. Chukulia shule yenye nafasi 60. Ukiona 28 walichukuliwa na ndugu wa wanafunzi, unabaki na 32 za kugombania, na kama mtoto wa mwisho alikuwa mita 640 basi nyumba uliyoipenda iliyoko kilomita moja usiihesabu, hata dalali akuapie kwamba iko eneo la shule hiyo. Angalia miaka mitatu mfululizo sio mmoja, maana hiyo namba inapanda na kushuka, mwaka wenye ndugu wengi mduara unasinyaa.

Na usijaribu kutumia anwani ya shangazi. Kaunsili wanakagua, wanaomba mkataba wa nyumba na bili, na nafasi inafutwa hata kama mtoto ameshashonewa sare.

Tarehe nazo hazina huruma. Maombi ya sekondari yanafungwa 31 Oktoba na ya msingi 15 Januari, majibu ya sekondari yanatoka 1 Machi na ya msingi 16 Aprili, na unaomba kupitia kaunsili unayoishi hata kama shule iko kaunsili jirani. Mtoto anaanza Risepsheni Septemba baada ya kutimiza miaka 4. Ukiwa bado uko Dar au Nairobi kaunsili nyingi hazitakubali anwani yako ya huko wala ahadi kwamba utahamia, wanataka uthibitisho wa makazi. Ukifika katikati ya mwaka unaomba kwa utaratibu wa kuhamia katikati, na hapo mambo yanakuwa kinyume, yaani shule nzuri zimejaa na unachopata ni penye kiti kitupu. Ndo maana kabla ya kusaini mkataba wa nyumba piga simu kaunsili ofisi ya maombi ya shule, uliza swali moja rahisi: Mwaka wa 4 na Mwaka wa 8, au madarasa yoyote ya wanao, kuna nafasi shule zipi karibu na postikodi hii? Wanakujibu, ni kazi yao.

Kupima shule nako kumebadilika. Zamani watu walikuwa wanakariri neno moja la wakaguzi wa Ofsted, shule "bora kabisa" au "nzuri", na madalali wa nyumba walikuwa wanaliweka mpaka kwenye matangazo. Hilo neno moja limeondolewa tangu Septemba 2024 na kuanzia Novemba 2025 ripoti inatoa ngazi tano kwa kila kipengele kivyake, mafundisho, mahudhurio na tabia, na kadhalika. Mimi naona ni afadhali, inakulazimisha usome. Mtu akikwambia shule fulani ni bora kabisa muulize ilikaguliwa lini, zipo zilizokaa zaidi ya miaka kumi bila ukaguzi wa kina. Kwa sekondari tazama pia Progress 8, inayoonyesha mtoto amesogea kiasi gani kutoka alivyoingia mpaka GCSE (mitihani ya mwisho wa Mwaka wa 11), 0 ndo wastani na juu ya hapo ni vizuri, ila kwa matokeo ya 2025 na 2026 hutaikuta maana mitihani ya mwisho wa msingi ilifutwa 2020 na 2021 kwa sababu ya korona, kwahiyo hakuna cha kulinganishia, chukua ya 2024.

Halafu nenda. Usingoje siku ya wageni walipopanga viti na kupaka rangi, kasimame nje saa tisa na robo mchana wakati wanatoka. Unaona mwalimu yuko getini anawaita watoto kwa majina au hayupo, wakubwa wanavyowapita wadogo, wazazi wa rangi zote wapo wanaongea au kila mtu anakimbilia gari lake. Muulize mama yeyote aliyebeba mabegi mawili, atakwambia vitu ambavyo havipo kwenye ripoti.

Kuna hizi shule za grama ambazo kwetu zinapendwa sana, za kuingia kwa mtihani na ni bure. Ziko 163 England nzima na hazijasambaa sawa, Kent na Buckinghamshire zipo nyingi, Slough zipo, Reading ziko mbili tu, moja ya wavulana moja ya wasichana, Milton Keynes na Leicester hakuna. Mtihani ni Septemba mwanzoni mwa Mwaka wa 6, mwaka wa mwisho wa msingi, na fomu nyingi zinafungwa Juni au Julai kabla yake, yaani mtoto akitua Agosti na miaka kumi ameshachelewa. Na ukihamia Kent kwa ajili ya grama jiulize swali ambalo hatupendi kuliuliza, asipofaulu atasoma wapi? Maana kwenye wilaya zenye grama nyingi zile sekondari nyingine zinabaki bila watoto waliofaulu. Chagua nyumba ambayo hata shule ya pili yake unaikubali.

Kama ni Wakatoliki njooni na vyeti vya ubatizo vya watoto kutoka parokiani, vya asili, shule za Kikatoliki zikijaa zinatanguliza waliobatizwa na zina fomu yake ya ziada ambayo watu wanaisahau. Waislamu wengi wanaangalia madrasa ya jioni iko umbali gani na shule inatoka saa ngapi, na hapo Leicester, Slough na Luton hamtapata tabu.

Jambo ambalo manesi watanielewa ni shifti. Shifti inaanza saa moja na nusu asubuhi, shule inafungua saa tatu kasorobo, sasa mtoto wa miaka 7 anabaki na nani? Huku hakuna dada wa kazi wala jirani wa kumpigia hodi. Kwahiyo shule yenye klabu ya chai ya asubuhi na ya jioni, inayokaa na watoto kabla na baada ya masomo, inaweza kuwa bora kwako kuliko yenye matokeo makubwa ambayo haina, uliza inafungua saa ngapi, bei gani, na kama kuna foleni. Walezi wa nyumbani waliosajiliwa na Ofsted wapo, nao wanajaa. Kumwacha mtoto peke yake sheria haijataja umri ila ukimweka hatarini ni kosa, na ustawi wa jamii wa huku sio mchezo.

Wakubwa ndo kipengele kigumu. Huku hawaangalii ulifika Form Two au darasa la saba, wanaangalia tarehe ya kuzaliwa, mwaka wa shule unakatwa 31 Agosti. Mtoto wa miaka 14 anaweza kutupwa Mwaka wa 10, mwanzo wa silabasi ya miaka miwili ya GCSE, na akiingia Mwaka wa 11 katikati anaweza kukuta shule mpya inatumia bodi nyingine ya mitihani. Kama unaweza kuchagua, hamisha kabla ya Mwaka wa 10. Na chuo kikuu, mtoto mwenye viza ya kumtegemea mzazi kwa kawaida analipishwa ada ya mgeni mpaka apate ukaazi wa kudumu na awe ameishi huku miaka 3, tofauti yake na ile £9,535 ya wenyeji ya 2025/26 ni kubwa mno, kwahiyo hesabu miaka.

Kwenye miji yenyewe nitapita haraka. Milton Keynes ina njia za miguu na baiskeli zilizotengwa na magari karibu mji mzima, mtoto wa sekondari anaenda shule bila wewe kushika moyo. Leicester ndo unafuu wa kodi na watu wetu, na ina historia, mwaka 1972 kaunsili yake ilitangaza kwenye gazeti la Uganda kuwaambia Wahindi waliofukuzwa na Idi Amin wasije, wakaja, na leo ukipita Melton Road mzee wa dukani anaweza kukusalimia kwa Kiswahili safi. Reading shule nzuri zipo ila kodi yake ni ya watu wa London.

Na kwenye kodi, dipoziti kisheria haizidi kodi ya wiki 5 kwa nyumba nyingi, na kuanzia 1 Mei 2026 mwenye nyumba hawezi tena kukudai miezi sita mbele kwa kisingizio kwamba huna historia ya mikopo, mwisho mwezi mmoja. Uliza na bendi ya kodi ya kaunsili (ushuru wa nyumba, tofauti na kodi ya pango), A mpaka H, mawakala huwa hawaisemi mpaka uulize.

Shule uliyoitaka ikikukatalia, kubali ile uliyopewa kwanza, haikupunguzii kitu, huku ukiomba jina libaki kwenye orodha ya kusubiri ya ile nyingine. Kukata rufaa unaweza ila kwa Risepsheni mpaka Mwaka wa 2 sheria inabana darasa lisizidi watoto 30 kwa mwalimu, rufaa hizo zinashinda chache. Orodha ya kusubiri inasogea sana Julai na Septemba watu wanapohama, na inapangwa kwa vipaumbele vile vile sio kwa aliyewahi, kwahiyo ukihamia nyumba ya karibu zaidi wapelekee mkataba mpya siku hiyo hiyo.