Kubadilisha Diski ya Kompyuta ya Mezani Yenye Kumbukumbu ya Kache
Katika baadhi ya kompyuta za mezani zilizokwishatumika, kama zile ambazo mtu anaweza kuzikuta madukani Kampala, diski kuu ya kuzunguka imeunganishwa na kadi ndogo ya kache ya Intel Optane, kwa mfano ya gigabaiti 16, inayotunza data itumikayo mara kwa mara ili mashine iwake upesi. Usichomoe diski kabla ya kuvunja muungano huo, kwa kuwa sehemu ya data yaweza kuwa imo ndani ya kadi, na diski ikibaki peke yake huenda isisomeke. Nakili kwanza faili zako kwenye diski ya nje, kisha fungua programu ya Intel ya kusimamia hifadhi, uzime Optane na uwashe kompyuta upya. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo unaweza kupoteza kila kitu, hivyo tumia UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika, hata ikibidi kuiazima kwa jirani.

Baada ya hapo, hamishia mfumo mzima kwenye SSD, yaani diski mpya ya kasi isiyozunguka, zima mashine, chomoa waya wa umeme, na ubadilishe diski. Kache haihitajiki tena. Diski ya zamani usiifute mapema.