Kupaka darubini ndani iwe nyeusi tii bila kumaliza hela

Kama umejitengenezea darubini ya bomba la PVC halafu ukiangalia mwezi unaona kama ukungu mweupe umetanda, usikimbilie kulaumu kioo, chungulia kwanza ndani ya bomba. Rangi nyeusi ya kawaida bado inarudisha mwanga kidogo, na mwanga ukiipiga kwa ubavu inang'aa kama sufuria mpya.

Najua utaniuliza Vantablack, ile nyeusi ya Waingereza wa kampuni ya Surrey NanoSystems ya 2014 inayomeza asilimia 99.965 ya mwanga. Achana nayo. Ile inaoteshwa kwa mitambo, ni vijinyuzi vya kaboni vimesimama wima kama nyasi, mwanga ukiingia katikati unagongagonga humo mpaka unaishia humohumo, ila ukiigusa na kidole tu ushazilaza. Musou Black ya Wajapani ndo rangi ya kopo, wenyewe wanasema inafika 99.4 ukiipuliza, so kama una mtu anarudi Kampala toka nje mwambie akubebee.

Huna mtu? Tunaiba akili ya zile nyasi. Nenda Ndeeba hapa Kampala kwa mafundi wa mbao, omba vumbi la msumeno, lile laini sio maranda, lichekeche na likauke kabisa. Toa vioo vyote kwenye bomba (nimeona mtu amepulizia rangi kioo kikiwa ndani, jamani). Piga msasa ndani mpaka PVC ipoteze ule mng'ao maana rangi haishiki plastiki laini, futa vumbi, paka nyeusi mati (isiyong'aa), na ikiwa bado mbichi mwagia lile vumbi la mbao huku unazungusha bomba. Acha ilale usiku, msimu wa mvua hata siku 2, kung'uta lisiloshika, kisha paka tena koti 2 nyembamba. Nyembamba! Ukipaka nzito unaziba vile vishimo kati ya punje za vumbi na kazi yote imekufa.

Pale ukutani mkabala na lenzi ya jicho, kwa hizi darubini za kioo cha kuakisi, ndo jicho lako linapoangalia moja kwa moja, so bandika kipande cha mahameli nyeusi, Kiyembe hukosi, ila kikung'ute sana kisidondoshe nyuzi kwenye kioo.

Kupima: gizani washa tochi ya simu mdomoni mwa bomba, iinamishe, chungulia upande wa pili. Ukiona mstari unang'aa, hapo rudia.