Pima nishati ya dizeli ya alizeti kabla ya kuingiza trekta shambani Malindi

Mkulima anayetaka kukamua dizeli yake mwenyewe kwa kawaida huanza na bei ya lita. Anza na megajuli. Bei hupanda na kushuka, ila swali la kwanza ni kama mafuta utakayotoa shambani yana nishati nyingi kuliko ile utakayoichoma kuyapata. Mara nyingi tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Shika namba hizi. Lita ya dizeli ina megajuli 36 hivi, lakini ukijumlisha nishati ya kuichimba, kuisafisha na kuisafirisha, ihesabu 43. Petroli, kwa njia hiyo hiyo, 38. Lita ya biodizeli, yaani dizeli inayotengenezwa kwa mafuta ya mbegu, ina 33. Kilo moja ya naitrojeni ya kiwandani imekula takriban 55, na kilo ya methanoli, spiriti inayochanganywa na kostiki soda kugeuza mafuta kuwa biodizeli, 33. Yuniti moja ya umeme ni 3.6. Jua na mvua haviingii kwenye hesabu.

Tuchukue ekari moja ya alizeti inayotegemea mvua, iliyotoa kilo 400 za mbegu kavu. Ni mfano tu. Weka namba za shamba lako. Mbegu zikiwa na mafuta asilimia 40 na mashine ndogo ikitoa robo tatu yake, unapata kilo 120, yaani lita 130. Toa asilimia 5 inayopotea kwenye sabuni na maji ya kuoshea, zinabaki lita 124 za biodizeli: megajuli 4,090.

Sasa upande wa matumizi. Trekta, kulima na kupiga haro, lita 12: megajuli 516. Usikubali makisio ya dereva. Jaza tangi hadi juu kabla ya kazi, lijaze tena baada ya kazi, andika tofauti. Mfuko mmoja wa mbolea ya CAN wa kilo 50 una naitrojeni kilo 13, kwa hiyo 715. Kukamua kilo 400 kwahitaji yuniti 30 hivi, na jenereta ya dizeli itachoma kama lita 10 kuzitoa: 430. Methanoli, mililita 200 kwa kila lita ya mafuta, ni lita 26, sawa na kilo 20.5: karibu 680. Kupasha mafuta moto kwa kuni, 100. Gari la kwenda kinuni na kurudi, lita 5: 215.

Jumla ni 2,656. Gawanya 4,090 kwa 2,656 upate 1.54. Kila megajuli uliyotumia imerudisha moja na nusu, na faida hiyo ni nyepesi sana. Mvua ikikata na mavuno yakashuka hadi kilo 200, methanoli, kuni na jenereta hupungua nusu, lakini trekta, mbolea na gari vimeshaliwa: unatoa 2,045 baada ya kutumia 2,051. Ukijaribu kuokoa mimea kwa pampu ya petroli inayokula lita moja kwa saa, saa 40 za msimu zinaongeza 1,520, na hata mavuno kamili ya kilo 400 hayalipi. Alizeti ya dizeli isimwagiliwe kwa injini.

Pa kupunguza ni mahali pawili. Peleka mbegu kwenye kinu cha umeme wa gridi: yuniti 30 ni megajuli 108 badala ya 430, na umeme wa Kenya kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji na upepo. Kisha tumia samadi ya zizi lako mwenyewe, au panda baada ya kunde, uache CAN. Jumla inashuka hadi 1,619 na uwiano unapanda hadi 2.5. Samadi ya kukodishia lori kutoka mbali haina faida hiyo.

Unyevu wa pwani ndio adui wa hatua inayofuata. Mbegu zilizorundikwa kwenye magunia kabla ya kukauka vizuri huchacha, mafuta yake huwa na asidi, na asidi hiyo ikikutana na kostiki soda hugeuka sabuni. Mafuta mapya yasiyo na asidi hutaka gramu 3.5 za soda kwa lita. Ukilazimika kuongeza sana, tatizo ni ghala. Maji nayo huleta sabuni: pasha mafuta kidogo kwenye kijiko, yakitatarika, yakaushe kwanza. Fanya mchanganyiko kwenye nyuzi 55, chini ya nyuzi 64.7 ambako methanoli huchemka. Mvuke wake ni sumu na hushika moto, kwa hiyo zima kuni kabisa kabla ya kuimimina.

Mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa, yapatayo kilo 270 yana nishati nyingi kuliko biodizeli yenyewe, na hapo ndipo hesabu nyingi hupotoshwa. Yaandike kwenye mstari wake, kama chakula cha ng'ombe, usiyachanganye na lita. Mashudu ya mbono (jatrofa), mmea mwingine wa mafuta ya dizeli, usimpe mnyama yeyote, yana sumu.

Mbono unahitaji tahadhari nyingine, maana uwiano mzuri wa nishati hausemi lolote kuhusu ardhi. Utafiti wa mwaka 2011 juu ya mpango wa kulima mbono katika msitu wa Dakatcha, nyuma ya Malindi, ulikuta kwamba mafuta hayo yangetoa gesi joto mara 2.5 hadi 6 ya dizeli ya kawaida, hasa kwa kukata miti na vichaka. Kwa hiyo kabla ya kujaza namba yoyote, andika juu ya karatasi kipande hicho cha ardhi kilikuwa na nini. Kama jibu ni msitu, usiendelee na hesabu.