Kukimbia Njia ya Santiago kati ya mizabibu: siku nne, marafiki wanne

Njia ya Santiago ni mtandao wa njia za kale za mahujaji Wakristo zinazoishia Santiago de Compostela, Hispania. Mojawapo, Njia ya Kifaransa, kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, ina karibu kilomita 780. Msiibebe yote. Kipande chetu kilianzia Estella, Navarra, kikaishia Santo Domingo de la Calzada, ndani ya La Rioja, nchi ya mvinyo ya Hispania. Ni kama kilomita 99. Tulikwenda mwishoni mwa Septemba, zabibu zikivunwa.

1. Pataneni mwendo kabla ya kukata tiketi. Kundi halivunjwi na umbali, linavunjwa na yule anayekimbilia mbele. Kanuni zetu: wa polepole anatangulia, mlima wote tunatembea, na mwenye haraka anangoja kijijini, asisimame njiani kumtazama mwenzake akihema. Siku ya pili tuliivunja kanuni. Mmoja wetu akatonesha goti akijaribu kutufuata, tukakaa Viana zaidi ya saa nzima kwa kosa letu wenyewe.

2. Mzigo mkubwa utangulie. Kuna huduma za kusafirisha mabegi kutoka malazi hadi malazi. Funga lebo yenye jina la unakolala, uliache asubuhi. Weka nafasi kwenye hosteli za binafsi, maana nyingi za umma hazipokei nafasi wala begi lililotumwa. Mgongoni beba maji lita moja na nusu, koti jepesi na soksi za akiba. Udongo mwekundu wa huku ukinyeshewa unaganda kwenye raba hadi mguu unakuwa tofali.

3. Chukueni pasipoti ya hujaji, kijitabu cha kuonyesha mlikopita. Inagongwa mhuri hosteli, kanisani, hata kwenye mikahawa. Lakini cheti cha kukamilisha hija, kinachotolewa Santiago, kinadai kilomita 100 za mwisho za kuingia mjini kwa miguu, kwa hiyo hizi zetu hazihesabiki. (Mwenzetu aliligundua hilo siku ya tatu. Alinuna mpaka chakula cha usiku.)

4. Siku zenyewe.

Estella hadi Los Arcos, kilomita 21. Baada ya kilomita tatu hivi mnafika Irache, kwenye bomba mbili za ukutani: moja maji, moja mvinyo, bure. Onjeni, jazeni maji. Baada ya Villamayor de Monjardín kuna kilomita kama 12 bila kijiji wala kivuli cha maana.

Los Arcos hadi Logroño, 28, ndiyo siku ngumu. Kati ya Torres del Río na Viana njia inapanda na kushuka kama mgongo wa ngamia. Jioni nendeni Calle del Laurel, mtaa wa baa na vitafunwa wa Logroño, mkale uyoga wa kukaanga juu ya kipande cha mkate. Mvinyo ni hapa, baada ya kula na kunywa maji, wala si mchana juani.

Logroño hadi Nájera, 29, ila tambarare zaidi. Kuleni Navarrete, kama kilomita 13 tangu mwanzo. Mizabibu iko kulia na kushoto. Zabibu za watu msichume.

Nájera hadi Santo Domingo, 21, nyepesi.

5. Saa. Sisi tuliozoea jua la saa kumi na mbili na nusu tulishangaa: Septemba huku linachomoza karibu saa mbili asubuhi. Beba taa ya kichwani, la sivyo mishale ya njano inayoonyesha njia mtaipita. Maduka mengi ya vijijini hufungwa kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni, na wakimbiaji hufika mapema, hosteli bado imefungwa. Nunueni chakula kabla.

6. Adabu. Wengi njiani wanatembea, na wengine wanaomba. Punguza mwendo, sema "Buen Camino" (njia njema) ukiwa bado nyuma yao, pita taratibu.

Mkifika Santo Domingo, ogeni kwanza, kisha mwende kanisa kuu kumwona jogoo na kuku hai wanaofugwa ndani, kwa kumbukumbu ya hadithi ya kuku wa kuchoma aliyefufuka akawika. Basi la kurudi Logroño lipo.