Haddiski ya kompyuta imekufa: toa data kwanza, Windows baadaye

Unawasha kompyuta inagoma, skrini nyeusi inasema haioni diski ya kuwakia, au inawaka kidogo alafu inaganda, na hapo karibu kila mtu anakimbilia kuinstoli Windows upya. Tafadhali usifanye hivyo. Windows utaishusha bure siku yoyote, ila picha za mwanao na kazi zako za miaka hazipo pengine popote. Haddiski inayokufa kila ikizunguka inazidi kujimaliza, na ukiandika kitu kipya juu yake cha zamani ndo basi tena. Kwa hiyo kopi kwanza, matengenezo baadaye.

Lakini kabla hujaizika hakikisha kweli ni diski. Zima, chomoa umeme, fungua kava, chomoa kebo zote mbili za diski, ya umeme na ya data, uzirudishie zikaze, na kama una kebo nyingine ya data ijaribu kwenye tundu lingine la mazabodi. Kebo iliyolegea inafanya diski nzima kabisa ionekane imekufa. Alafu ingia bayosi (ukurasa wa mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka), mara nyingi ni F2 au Delete wakati inawaka, uone kama jina la diski lipo. Likiwepo inawezekana ni mpangilio wa kuwaka tu umebadilika, au Windows ndo imeharibika na diski haina shida.

Pia sikiliza. Haddiski ya kuzunguka ikiwa nzima inavuma tu taratibu. Ukisikia tik, tik, tik kwa mpigo uleule, inanyamaza, inaanza tena, zima hapohapo usiiwashe tena. Huo ni mlio wa kichwa cha kusomea kinachotafuta njia yake kwenye sahani na kukosa, na kile kichwa kinaelea juu ya sahani kwa nafasi ndogo hata kuliko chembe ya vumbi, kikigusa kinakwangua palepale faili zako zilipo. Ndo maana usiifungue nyumbani, na ule ushauri wa kuiweka kwenye friza achana nao kabisa, unyevu unaingia ndani unaimalizia. Diski ya namna hii ni ya wataalamu wa kuokoa data wenye chumba kisicho na vumbi, gharama yao ni kubwa kweli, ila kama vitu vilivyomo huwezi kuvipata tena usijaribu chochote mwenyewe kabla yao. SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, yenyewe haina mlio, mara nyingi inakata ghafla bila dalili, ingawa nyingine zinajifunga zibaki za kusomeka tu, ikiwa hivyo shukuru na ukopi haraka.

Kama diski inaonekana na hailii vibaya, endelea. Unahitaji kompyuta nyingine ya kuazima, flashi ya GB 8 au zaidi, na diski ya nje yenye nafasi kubwa kuliko diski nzima iliyoharibika. Hiyo ya nje isiwe imefomatiwa kwa FAT32 maana haipokei faili linalozidi GB 4, iwe exFAT, NTFS au ext4. Shusha Ubuntu, mfumo wa bure unaoweza kuwaka kutoka kwenye flashi, iandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus, washa mashine kwa flashi hiyo na uchague kuijaribu bila kuinstoli. Diski mbovu usiibofye kuifungua. Unganisha intaneti, fungua terminali, yaani dirisha la kuandika amri:

sudo apt update
sudo apt install gddrescue
lsblk

Hapa tulia. Lsblk inakuonyesha diski zote, sda, sdb na kuendelea, na hizo herufi zinaweza kubadilika ukiwasha tena, so usizikariri, itambue diski kwa ukubwa wake. Ukikosea ukaweka diski nzima mahali pa mbovu na mbovu mahali pa nzima, unaweza kufuta ulichokuja kukiokoa. Ukishakuwa na uhakika (mfano mbovu ni sda, na diski ya nje umeipa jina NAKALA):

cd /media/ubuntu/NAKALA
sudo ddrescue -d -n /dev/sda nakala.img nakala.map

Uzuri wa ddrescue, ndo programu ya kukopi uliyoinstoli hapo juu, ni kwamba inabeba kwanza sehemu zinazosomeka vizuri, zile sugu inaziacha kwa baadaye, na kila ilipopita inaandika kwenye lile faili la map. Ikikwama unarudia amri ileile inaendelea ilipoishia, na umeme ukikatika rudia hatua kuanzia kuinstoli, uhakikishe tena herufi ya diski kwanza. Ikimaliza ndo unarudi kwa zile mbovu, ukiweka -r3 badala ya -n, na hii inaweza kula siku nzima, iache.

Sasa chomoa diski mbovu, kuanzia hapa kila kitu unafanyia kwenye nakala. Hata chkdsk, ile amri ya Windows ya kurekebisha diski, usiikimbize kwenye diski inayokufa, ile inarekebisha mpangilio, haijali faili zako. Fungua nakala hivi:

sudo losetup -rP --find --show nakala.img

Folda zikitokea, kopi zako. Zisipotokea tumia programu ya TestDisk kutafuta patisheni (sehemu ya diski) iliyopotea, na ikishindikana kabisa PhotoRec inachimbua faili moja moja, ila majina na folda vinapotea. Kama laptopu ilifungwa na BitLocker, kufuli ya Windows ya kuficha data, utaombwa ufunguo wa tarakimu 48, ingia akaunti yako ya Microsoft kwa simu, mara nyingi umehifadhiwa huko.

Kilichobaki ni chepesi. Funga SSD mpya, andaa flashi ya Windows 11 kama mashine inaikubali, maana Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tangu 14 Oktoba 2025. Wakati wa kuinstoli iwepo diski mpya peke yake, ile yenye nakala ichomoe kabisa usije ukaifuta kwa kubofya tu. Ikiuliza ufunguo wa leseni ya Windows sema huna, kama ilikuwa na leseni ya kidijitali na mazabodi ni ileile na toleo ni lilelile, Home kwa Home, itajithibitisha yenyewe ikipata intaneti.

Diski ya zamani usiitupe mpaka umefungua faili zako zenyewe, video uione inacheza mpaka mwisho, kuona jina tu haitoshi. Na siku ya kuitupa ivunje kabisa, maana paswadi na picha zako bado zimo humo.