Namna ya kumlinda ndugu anayewaza kujiua wakati wa karantini na kafyu

Kama ni wewe mwenyewe unayewaza kujiua, acha kusoma kwanza. Mpigie mtu mmoja unayemwamini na umwambie waziwazi: nawaza kujiua. Kenya, Msalaba Mwekundu hupokea simu bila malipo kwa namba 1199. Ikiwa anayehitaji msaada ni mtoto, namba ni 116 Kenya, Tanzania na Uganda.

Mwongozo huu ni wa ndugu, jirani au rafiki anayemhofia mtu aliyefungiwa ndani.

Machi 2020, janga la korona lilipofungia watu ndani, wengi walitabiri kwamba vifo vya kujiua vingefurika mara moja. Haikuwa hivyo. Uchunguzi wa nchi 21, nyingi zikiwa tajiri au za kipato cha kati, haukuona ongezeko la jumla katika miezi ya mwanzo. Marekani waliojiua walikuwa 47,511 mwaka 2019, wakapungua hadi 45,979 mwaka 2020, kisha wakapanda hadi 48,183 mwaka 2021. Japani walitoka 20,169 hadi 21,081 kati ya 2019 na 2020. Huko idadi ya wanaume ilishuka kidogo, ila ya wanawake ilipanda kwa takriban asilimia 15. Kwa hiyo hatari inaweza kuchelewa, na inaweza kulikumba kundi moja huku jumla ya nchi ikionekana shwari. Wiki mbili za kwanza kila mtu hupigiwa simu. Anayehitaji kupigiwa zaidi ni yule ambaye miezi minane baadaye hana kazi na anadaiwa na kila mtu.

Takwimu za kwetu Afrika Mashariki zichukulie kama kiwango cha chini. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya nako kilikuwepo kifungu cha 226, hadi Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Familia inayoogopa polisi na maneno ya mtaani husema marehemu aliugua ghafla. Usisubiri takwimu, mtazame mtu wako.

Kuuliza

Tatizo la kwanza la karantini ni faragha. Mtu anayeishi chumba kimoja na watu watano hawezi kufunguka kwenye simu. Panga naye saa anayotoka kuchota maji au kuanua nguo. Ikishindikana, mwambie: "Dada, mimi nitauliza, wewe jibu ndiyo au hapana tu." Meseji pia zinafaa, ila kwanza hakikisha simu yake haishikwi na mwingine.

Uliza kwa neno lenyewe: "Watu wakibanwa namna hii, wengine huwaza kujiua. Wewe umewaza?" Swali hili halimpandikizi mtu wazo, utafiti umelichunguza hilo mara nyingi. Linaloharibu ni kuuliza kwa namna ya "huwazi mambo ya ajabu, sivyo?", kwa sababu hapo umeshamwonyesha jibu unalolitaka, naye atakupa hilohilo.

Akisema ndiyo, usikimbilie kumtuliza. Endelea kuuliza: amefikiria namna gani? Kitu hicho kiko karibu naye? Amepanga lini? Amewahi kujaribu? Mwenye mpango, kitu mkononi na siku aliyoipanga asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na afikishwe hospitali. Kafyu isiwe kizuizi: tafuta mapema, kabla giza halijaingia, namba ya mwenyekiti wa mtaa, balozi au chifu, na ya mwenye gari aliye karibu. Kinachochelewesha watu wengi ni kuanza kutafuta namba hizo saa nne usiku.

Usimwambie ni dhambi, wala usimkumbushe kwamba wapo wenye shida kuliko yeye. Anayeambiwa hivyo hunyamaza, na ukimya wake utaudhania ni nafuu. Akitaka sheikh au padri, mtafutie, lakini alitake mwenyewe.

Kuondoa vitu hatari

Hatua hii hurukwa mara nyingi, nasi tunaiona kuwa ya lazima kuliko zote. Msukumo mkali wa kujiua kwa kawaida hupanda na kushuka, pengine kwa dakika au saa chache. Ikiwa katika muda huo hakuna kitu hatari karibu, wengi huvuka salama. Sri Lanka ilipopiga marufuku viuatilifu vyenye sumu kali, kiwango cha kujiua nchini humo kilipungua kwa zaidi ya theluthi mbili kuanzia katikati ya miaka ya 1990.

Sumu za shambani na za panya zitoke nje ya nyumba, zikahifadhiwe kwa jirani au kwenye ghala la ushirika. Sanduku lenye kufuli ambalo ufunguo wake anaujua halijafungwa. Silaha nayo ihamishwe. Pombe ipunguzwe, maana inamwondolea mtu breki zake.

Dawa zina utata wake. Usafiri ukifungwa, mgonjwa wa sonona (ugonjwa wa huzuni kali isiyoisha) au kifafa hushauriwa kuchukua dawa za miezi miwili kwa mkupuo. Ushauri huo ni mzuri, lakini akiba hiyo isikae kwa mtu anayewaza kujiua. Aishike ndugu mwingine, ampe za wiki moja moja. Asiziache ghafla, hata akiona hazifanyi kazi: nyingi za sonona huchukua wiki mbili hadi nne, au zaidi, kabla ya kuleta nafuu.

Mpango wa usalama

Chukueni karatasi moja, muijaze pamoja wakati ametulia, kwa maneno yake mwenyewe. Andikeni dalili zinazoonyesha kwamba hali inageuka, kwa mfano kukesha usiku tatu au kuzima simu. Kisha yafuate mambo anayoweza kuyafanya peke yake, mahali na watu wa kumtoa mawazoni, watu wa kuwaomba msaada, wataalamu na vituo, na mwisho vitu vilivyoondolewa nyumbani. Mpango hushindwa ukiwa na jina moja tu la kupigiwa, au ukiwa na majina ambayo wenyewe hawajaambiwa. Mpigie kila mmoja leo: "Shangazi, jina lako liko kwenye karatasi ya Juma, akikupigia usiku utapokea?" Hakikisha pia ana salio. Karatasi ikunjwe ikae nyuma ya kava la simu.

Usingizi, jua la asubuhi na kutembea kidogo vinasaidia. Njaa na kodi ya nyumba, hata hivyo, haziondoki kwa ushauri. Kaa naye, hata kwa simu, muorodheshe madeni yote, mikopo ya simu ikiwemo, mkaombe muda kwa mdai mmoja mmoja. Ukiweza kumtumia ya unga na mafuta, tuma.

Kufuatilia

Wiki za kwanza baada ya kutoka hospitali ni za hatari kubwa. Mtu aliyekuwa na uchungu mwingi akichangamka ghafla bila sababu, muulize tena, kwa sababu huenda ameshaamua.

Daktari Jerome Motto wa San Francisco aliwatumia barua fupi wagonjwa waliokataa kuendelea na matibabu. Barua hizo hazikuwadai chochote, na katika miaka miwili ya kwanza waliozipata walijiua wachache kuliko wasiozipata. Nawe andika hivyo: "Kaka, nimekukumbuka leo. Si lazima ujibu." Tuma ndani ya saa 24 za kwanza, kisha kila wiki kwa miezi mitatu, halafu kila mwezi hadi mwaka utimie, hata kama kafyu imeshaondolewa. Na aliyekuwa akijibu siku zote akinyamazia meseji mbili mfululizo, mpigie. Asipopokea, mtume mtu aliye karibu akamgongee mlango siku hiyohiyo.